Shangazi, kete ipimwe kwanza?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni wa Mikindani. Mdogo wangu alikaa miezi minne soba hausi Dar, akarudi nyumbani msimu wa korosho. Sasa kila wikendi anavuta unga na wenzake, eti kidogo tu, kujistarehesha. Mwezi uliopita mmoja wao alizima ufukweni, wakammwagia maji mpaka akaamka. Shemeji yangu baharia anasema Uholanzi mtu anapeleka dawa zake zikapimwe na wala hakamatwi. Mume wangu anasema huko ni kuwafundisha watoto uteja. Mimi nilitaka niagize vile vijikaratasi vya kupimia. Nifanyeje? Dada Mtu.*

Marahaba mwanangu. Kabla ya vipimo, kuna jambo umelipitia juu juu na ndilo lililonishtua. Mdogo wako katoka soba hausi. Miezi minne bila unga, mwili umeshausahau. Kete aliyokuwa akiivuta zamani bila hata kuyumba, leo inaweza kumkata pumzi, hata kama haijachanganywa na kitu. Hilo hakuna kipimo kitakachomwambia. Mwambie wewe, leo.

Shemeji yako hajakudanganya. Uholanzi wanafanya hivyo tangu 1992, na New Zealand waliipitishia sheria ya kudumu mwaka 2021. Uholanzi wanaopeleka wengi ni vijana wa vidonge vya disko. Mtu anajibiwa kwamba hiki sicho ulichouziwa, au hiki kina nguvu kupita kiasi. Haambiwi "salama, meza". Ndiyo maana sikubaliani na mumeo. Aliyefika kupima ameshanunua, fedha imetoka, kitu kiko mfukoni. Limebaki moja tu: akikutana na mtu wa kuzungumza naye kwa adabu, au asikutane na mtu. Muhimbili walipoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza hamu ya unga, mwaka 2011, barazani kwetu watu walisema serikali sasa inawagawia mateja unga wa bure. Wapo leo wanaoinywa, wamerudi kazini.

Kwa hiyo ukiniuliza kama huduma hiyo iwepo hata Mtwara, nasema iwepo. Na asije mtu kuniambia unga ni mambo ya Dar. Januari 2012 hapo Lindi kwa jirani zetu zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini. Kete ya mtaani nayo imepita mikono mingi, huyu kaongeza panadoli iliyosagwa, yule kaongeza lake.

Ila isiletwe kama ilivyo Uholanzi. Kijana wa wikendi anaweza kungoja majibu, lakini mwenye arosto, yaani mwili unaumwa kwa kuukosa unga, hangoji hata dakika tano. Na kwetu kukutwa na unga ni kosa, uwe unaupeleka kuvuta au kupima. Nani atakwenda dirishani huku anaogopa pingu? Sheria ikitengeneza njia hiyo, mashine ya kupimia itapata wateja. Kwa sasa haijatengeneza, basi wewe usithubutu kuibeba hiyo kete kumpelekea mtu yeyote akupimie. Utafungwa wewe, dada wa watu, na mvutaji abaki ufukweni.

Vijikaratasi navyo acha. Vinavyouzwa zaidi ni vya fentanili, dawa kali kuliko heroini, vinasema ipo au haipo, basi. Heroini yenyewe ni kali kiasi gani, havijui.

Hela hiyo iweke ya bajaji. Kaa na mdogo wako, bila mama na bila mumeo, umwambie: usivute peke yako, na msivute wote kwa pamoja, mmoja abaki macho. Mtu akizima, akikoroma ovyo au pumzi ikija kwa kuvizia, mlazeni ubavu, mbioni hospitali ya Ligula, pumzi ikikatika mpulizieni mdomoni. Wasimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Yale maji ya ufukweni hayakumwamsha mtu, ni bahati tu. Na hospitali semeni ukweli kuwa ni unga, maana ipo dawa ya kuuzima, naloksoni, lakini daktari lazima ajue anapambana na nini. Siku mkiwa huko kwa heri, ulizia pia matibabu ya uraibu.

Mumeo usibishane naye. Mwombe namba ya dereva wa bajaji anayelala jirani na asiyezima simu usiku, uiandike ukutani pale mdogo wako anapolala.