Ukitaka jazi Mombasa, geuza jalada

Mara ya kwanza kuulizia santuri za jazi hapa mjini nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio karibu na Mwembe Tayari. Nyuma ya duka, chini ya redio zilizofunguliwa matumbo, alikuwa na makasha mawili ya sahani.

"Shikamoo, ami. Jazi unazo?"

"Marahaba. Tele," akanijibu bila kuinua kichwa, na kwa mguu akanisukumia kasha moja. Morogoro Jazz. Western Jazz. Nuta Jazz. Shirati Jazz. OK Jazz ya Franco zilikuwa tatu, moja imemeguka ukingoni. Nikamwambia natafuta jazi ya Wamarekani, akina Miles Davis. Akaniangalia juu ya miwani. "Hiyo si jazi, mwanangu. Huo ni muziki wa kungojea mtu hotelini."

Nikanunua ya Mbaraka Mwinshehe, nikaenda zangu. Sijuti hata kidogo, na nikipita Kisauni bado humkumbuka, maana marehemu aliaga dunia kwa ajali ya gari hapa hapa Mombasa, Januari 1979. Lakini somo nililipata: kwetu neno jazz ni jina la bendi ya dansi. Ukitaka ile nyingine, usiseme "jazi" ukanyamaza. Toa simu, onyesha picha ya jalada, taja saksafoni. Na ukionyeshwa Morogoro Jazz, inunue pia, usijifanye mjuaji.

Tangu hapo ni miaka kumi na kitu nakusanya. Wengi huniuliza waanzie wapi, na jibu langu huwaudhi kidogo: wasianze na orodha za intaneti za santuri bora mia moja. Orodha hizo zina majina yale yale, kila mtu anayataka, na bei hupandishwa na watu ambao hata mashine ya kuchezea hawana. Kwa mshahara wa hapa huwezi kushindana nao. Nunua moja ya jina kubwa ili upate sikio, kisha geuza jalada, usome maandishi madogo ya nyuma.

Yangu mimi ilikuwa Kind of Blue ya Miles Davis, nakala kuukuu ya Marekani, shilingi 6,500, niliyoibeba mapajani kwenye treni kutoka Nairobi. (Kenyatta Market kule kuna kibanda cha santuri kinachojulikana. Nenda na pesa ya kiasi, usiende na kadi ya benki.) Mjomba wangu hupiga udi kwenye harusi za Mji wa Kale, na jioni moja aliketi barazani kwangu akazikaza nyuzi za udi wake zilingane na upande wa kwanza, akawa anafuatisha taratibu. Wiki iliyofuata santuri ilikuwa kwa rafiki, nikamwekea wimbo ule ule kwenye CD. Udi ukakataa. "Hii umeifanya nini? Imeshuka." Nikamwambia haiwezekani, labda nyuzi zimelegea kwa joto. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Ikatokea mjomba ndiye mkweli. Santuri ile ilirekodiwa New York kwa siku mbili za mwaka 1959, tarehe 2 Machi na 22 Aprili. Siku ya kwanza mashine ya kunasia ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo utepe ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikapanda juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Dunia nzima ilisikiliza hivyo mpaka toleo la 1992 liliporekebisha. Basi usidharau sikio lako kwa kuwa limelelewa na taarab. Mtu aliyezoea maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, husikia tofauti ambazo wengine hupitiwa nazo.

Sasa hayo maandishi ya nyuma. Nilipata kwa bei rahisi Open Sesame, santuri ya kwanza ya mpiga tarumbeta Freddie Hubbard kama kiongozi, ya Juni 1960, alipokuwa na miaka 22. Nyimbo mbili zilinikaa kichwani, ule wenye jina la santuri na "Gypsy Blue". Nikageuza jalada kuona ni nani aliyezitunga: Tina Brooks. Nikadhani ni mwanamke, nikaanza kumtafuta dada huyo mpiga saksafoni kwa shauku kubwa. Kumbe ni mwanamume, Harold Floyd Brooks. Tina ni jina la utani la utotoni, kutoka neno la Kiingereza la kitu kidogo.

Siku sita tu baada ya kurekodi ile ya Hubbard, wawili hao walirudi studio ile ile ya mnasa sauti Rudy Van Gelder, wakanasa True Blue, safari hii Brooks akiongoza. Kati ya 1958 na 1961 aliongoza vikao vinne vya kampuni ya Blue Note. Kilichotoka akiwa hai ni hicho kimoja. Alifariki 1974 akiwa na miaka 42, na vile vingine vikatolewa yeye hayupo tena. Hupiga kama mtu anayekusimulia jambo zito huku akitazama pembeni, hapandishi sauti. Siku hizi True Blue imechapwa upya na unaweza kuipata bila kuuza kitanda. Ya asili sahau. Ukikutana nayo kwa bahati, inamisha santuri kwenye mwanga utazame ile sehemu tupu karibu na kibandiko: za Blue Note za zamani huwa na jina la Van Gelder au herufi RVG, na zile zilizochapwa kabla ya 1966 zina alama ndogo ya herufi P iliyoandikwa kama sikio la mtu.

Mimi nina daftari la shule, la mistari, na kila santuri mpya naandika majina ya wapiga pembeni, yaani wale wanaompigia kiongozi. Jina likijirudia mara tatu, huyo ndiye natafuta alichofanya mwenyewe. Kwa njia hiyo nikakutana na Ahmed Abdul-Malik. Jina lake lilikuwa nyuma ya Misterioso ya mpiga piano Thelonious Monk, iliyonaswa mbele ya watu kwenye klabu ya Five Spot, New York, mwaka 1958: mpiga besi. Jina kama hilo kwa mtu wa Mombasa halipiti hivi hivi. Nikamfuata, nikakuta mwaka huo huo amerekodi Jazz Sahara, na humo anapiga udi. Udi! Pamoja na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, na fidla, na Johnny Griffin, yule yule wa kwa Monk, kwenye saksafoni. Mwenyewe akisema baba yake ni Msudani, ila watafiti wamekuja kuonyesha kwamba alizaliwa Brooklyn na wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Mimi hilo halinipunguzii kitu. Mtu ana haki ya kutamani ujomba.

Nilimwekea mjomba bila kumwambia ni nini. Udi ulipoanza akacheka: "Huyu hakulelewa na udi." Ni kweli, ukiwa umekua ukisikiliza udi wa Zein l'Abdin, wa Abdul-Malik unakwaruza. Kanuni ilipoingia akaacha kucheka. Kisha saksafoni ikaja kama mgeni mwenye adabu, inabisha hodi, inangoja, ndipo inaketi. Mjomba akaweka kikombe chini. "Huyo wa tarumbeta," akasema, na nilimwachia kosa hilo, "huyo anasikiliza kwanza." Hii ndiyo santuri ninayowapa watu wa Pwani wanaoniambia jazi hawaielewi.

Kabla sijaendelea, niseme la utunzaji, maana hapa bahari haina huruma. Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye santuri ya taarab ya marehemu bibi, ile nzito ya mizunguko 78 kwa dakika. Ilikuwa na vumbi, nikaisugua kwa spiriti kama nilivyokuwa nikisugua za plastiki. Kitambaa kilitoka cheusi. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu. Sahani hizo hutengenezwa kwa lakiri, na spiriti huyeyusha lakiri. Nilikuwa nimefuta sauti yenyewe. Sijamwambia mama mpaka leo, na naomba asisome hapa.

Basi kwa zote tumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea yanayouzwa kituo cha petroli, si asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji, usiloweshe kibandiko cha katikati. Kausha kivulini, imesimama. Zihifadhi zimesimama kama vitabu. Ukizilaza rundo wakati wa kaskazi, za chini zitapinda kama chapati. Usizifunge kwenye mifuko ya nailoni iliyobana, inafungia unyevu ndani na masika ukifika utakuta ukungu mweupe. Vile vijipakiti vya kunyonya unyevu kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Na tafadhali, ile tabia ya kubandika sarafu ya shilingi juu ya mkono wa sindano ili isiruke, iache. Sindano nyingi za kawaida zinataka uzito wa gramu mbili hivi. Sarafu inachimba mtaro.

Kuna fungu moja ambalo sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kulitafuta kabla ya watu wengine, na ajabu hatulijui. Miaka ya 60 na mwanzo wa 70 Wamarekani weusi walikipenda Kiswahili, nacho kikajaa kwenye majalada. Curtis Fuller alitunga "Tanganyika Strut", ikapigwa 1958 na Wilbur Harden akiwa na John Coltrane. Lee Morgan alirekodi "Mr. Kenyatta" Februari 1964, miezi miwili baada ya uhuru wetu. McCoy Tyner ana santuri nzima inayoitwa Asante. Mpiga ngoma Albert Heath ana Kawaida, yenye nyimbo kama "Baraka", "Maulana" na "Dunia". Ni kama kusoma majina ya matatu za Likoni.

Bendi ya Herbie Hancock ndiyo iliyonichekesha zaidi. Walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, na santuri yao ya 1971 ikaitwa hivyo. Mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, nadhani ni mwili ulioteleza njiani. Mpiga tromboni Julian Priester ni Pepo Mtoto. Mtu wa Pwani akisikia pepo mtoto hutafuta mganga, na mganga yupo hapo hapo jukwaani: Eddie Henderson wa tarumbeta ndiye Mganga, naye alikuwa daktari kweli wa hospitali. Muziki wenyewe si mwepesi, nakuonya. Usianze nao.

Anza na Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, mwaka mmoja na zaidi kabla Tanganyika haijapata uhuru. Maneno ni ya mshairi Langston Hughes, na mpangilio wa bendi kubwa ni wa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lingestahili maandishi makubwa zaidi. Afrika Kusini waliipiga marufuku mwaka 1964. Upande wa kwanza unaanza na ngoma, halafu mwanamume anaanza kusema kwa Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York. Usiku nilipoiweka mara ya kwanza dirisha lilikuwa wazi, na jirani wa chini akaita, "Nani kaja?" akidhani nina mgeni. Wimbo wa mwisho unaitwa "Kucheza Blues", na miongoni mwa wapigaji wa santuri hii yumo mpiga ngoma Max Roach.

Nakala yangu ni ya kuchapwa upya. Ile ya asili ya kampuni ya Roulette bado naitafuta. Najua hapa ni mji wa bandari na mabaharia walishusha mengi, najua nyumba za Mji wa Kale zina makasha darini ambayo hayajafunguliwa tangu kina babu. Ukiiona mahali, usinitajie bei. Nitajie mtaa tu.