Sindano ya mgongoni: je, inapoozesha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu alipolazwa kwa homa kali na shingo kukakamaa, wazee walikataa asitolewe maji ya mgongoni ili kupimwa homa ya uti wa mgongo, wakisema anayechomwa hapo hupooza. Alipona kwa dawa, lakini nyumbani bado tunabishana. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Wazee wana sababu ya kuogopa: ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, ndio unaounganisha ubongo na mwili, na ukikatika mtu hupooza kweli. Ila haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, nao huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki nyuzi za neva ziendazo miguuni na kwenye kibofu, zikining'inia ndani ya maji kama mkia wa farasi.

Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Mstari unaoziunganisha hupita kwenye pingili ya nne. Huchoma kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Ugwe haupo hapo. Nyuzi nazo kwa kawaida husogea zikiguswa na sindano. Mgonjwa akisikia shoti mguuni, aseme papo hapo. Kwa mtoto mchanga ugwe hushuka hadi pingili ya tatu, kwa hiyo yeye huchomwa chini zaidi.

Maji yote ni mililita 150 hivi, na mwili hutengeneza kama 500 kwa siku. Mililita 10 zinazotolewa hurudi kabla ya saa moja kupita.

Linalotokea mara nyingi ni kuumwa kichwa, hasa mgonjwa akikaa, kwa sababu maji huvuja kwenye tundu, akilala hupungua. Hatari kubwa ni pale penye uvimbe au jipu ndani ya kichwa: shinikizo likishuka ghafla chini, ubongo unaweza kusukumwa na kubanwa. Ndiyo maana daktari hupima kwanza fahamu na macho. Mwambieni pia kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana kidonda kiunoni.

Mara nyingi familia hukubali mgonjwa akiwa tayari amezidiwa. Homa ya uti wa mgongo yenyewe huua, huacha uziwi na hata kupooza, kisha lawama huangukia sindano. Kipimo kikichelewa kwa sababu yoyote, ulizeni kama antibiotiki imeshaanza. Hiyo haingoji majibu ya maabara.