Maswali na Majibu: Kupunguza Msongamano wa Skrini za SAP kwa Screen Personas

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu SAP Screen Personas, kifaa kinachokuwezesha kupanga upya skrini za SAP bila kugusa msimbo wa programu yenyewe. Kwa asiyekijua: SAP ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1972, na programu yake ndiyo inayobeba hesabu, ghala na mishahara ya mashirika mengi makubwa, yakiwemo ya kwetu. Skrini zake zilibuniwa zimfae kila mtu, kuanzia kiwanda cha magari hadi msambazaji wa saruji, ndiyo maana mfanyakazi mmoja hujikuta mbele ya visanduku chungu nzima visivyomhusu. Personas hutengeneza "flava", yaani sura nyingine ya skrini ileile kwa kundi fulani la watumiaji. Nimejibu barua ambazo naona zitawafaa wengi.

Shikamoo mshauri. Mimi ni mtunza ghala, Mombasa. Kupokea mzigo kwenye MIGO (skrini ya SAP ya kupokea bidhaa) kunanichosha kwa sababu ya vichupo na visanduku ambavyo sivitumii kamwe. Kijana wetu wa ICT anasema Personas inaweza kuviondoa. Je, tukiviondoa hesabu za ghala hazitaharibika?

Marahaba. Hazitaharibika. Flava haifuti kisanduku, inakificha tu. Ukibonyeza kuposti, ni MIGO ileile inayofanya kazi, ukaguzi wake ni uleule, na data inaingia mahali palepale.

Anayepokea mzigo kwa oda ya ununuzi kwa kawaida anahitaji vitu vichache: namba ya oda, namba ya hati iliyokuja na dereva, kiasi kilichofika, na eneo la kuhifadhia. Zile chaguo mbili za juu, A01 (kupokea bidhaa) na R01 (oda ya ununuzi), pamoja na aina ya mwendo 101 (kuingiza mzigo ghalani), kwako ni zilezile kila siku, kwa hiyo flava izijaze yenyewe. Kama una maeneo matatu ya kuhifadhia, sanduku la kuandikia ligeuzwe orodha ya kuchagua, ili asiwepo mtu wa kukosea herufi saa kumi jioni lori likiwa linasubiri.

Kuna jambo moja ninalokuomba ulisimamie wewe mwenyewe. Vijana wanaotengeneza flava hupenda kuweka kitufe kimoja cha kupokea kila kitu, ambapo skripti inaweka alama ya OK kwenye mistari yote kwa mpigo. Kinapendeza kikionyeshwa kwenye kikao. Ghalani ni hatari. Ile alama ya OK ndiyo pale unapothibitisha kwamba bidhaa umeihesabu kwa macho yako. Tuseme oda ni ya mifuko 600 na lori limeleta 588: kitufe hicho kitapokea 600, na mifuko 12 utaanza kuitafuta siku ya kuhesabu mali. Punguzeni kuandika, msipunguze kuhesabu.

Mwambie pia huyo kijana aje akae kando yako nusu siku kabla hajafungua kihariri, aandike kila unachogusa na kila unachoruka. Kisha aulize swali ambalo wengi husahau: ni bidhaa zipi ambazo ni tofauti? Dawa na kemikali huwa na namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda. Kisanduku cha lazima kikifichwa, mfumo utakataa kuposti na kukutajia kitu ambacho hukioni. Kwa bidhaa hizo tengenezeni flava ya pili, au acheni njia ya wazi ya kurudi kwenye skrini ya asili.

Mkuu wa kitengo cha ICT, Kampala: tutalipia leseni kiasi gani?

Kwa leseni ya kifaa chenyewe, hakuna nyongeza. Mwaka 2014, baada ya wateja kulalamika, SAP iliijumuisha Personas pamoja na Fiori (sura mpya ya skrini za SAP) ndani ya leseni za programu zake za msingi. Bajeti yenu itakwenda kwenye muda wa watu: kuandaa seva, kuhakikisha kernel yenu (kiini cha programu ya seva) ni ya toleo linalokubalika, na kumpa mtu mmoja nafasi ya kujifunza vizuri.

Kama kuna kona ya kampuni ambayo bado inatumia toleo la zamani la Personas, lile lililotegemea Silverlight (programu-jalizi ya kivinjari), msiliwekee kiraka. Microsoft iliacha kuihudumia Silverlight tarehe 12 Oktoba 2021. Toleo la 3.0 linatumia HTML na JavaScript, na flava zake hukaa kwenye seva na kusafirishwa kutoka mfumo wa majaribio hadi mfumo wa kazi kwa njia ya kawaida ya SAP.

Kaka, mimi ni fundi mitambo, kiwandani Tanga. Nasikia siku hizi skrini za SAP zinafunguka kwenye simu. Tunataka kuripoti hitilafu tukiwa mbele ya mashine yenyewe. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kipya chenye thamani kubwa kuliko vyote vilivyoongezwa kwenye Personas. Kuna injini inayoitwa Slipstream ambayo huchukua skrini ya zamani na kuionyesha kwenye simu au tableti kwa sura inayofanana na Fiori, na kuna aina ya flava zinazojirekebisha kulingana na ukubwa wa kioo.

Msitegemee flava yenu ya kompyuta ihamie kwenye simu jinsi ilivyo. Ile ilipangwa kwa kuweka kila kitu mahali pake kwa kipimo, na kwenye kioo kidogo mpangilio huo haufai. Anzeni upya na IW21, skrini ya kufungua taarifa ya hitilafu. Aina ya taarifa, M2 (ripoti ya hitilafu), ijazwe yenyewe. Fundi abaki na namba ya mtambo, maelezo mafupi, na alama ya kuonyesha kama mashine imesimama. Mengine, kama msimbo wa sababu na muda wa matengenezo, yamsubiri msimamizi ofisini. Fundi mwenye glovu zenye grisi hawezi kujaza visanduku ishirini, na akilazimishwa ataandika taarifa kwenye karatasi kisha mtu mwingine aziingize jioni. Hapo saa halisi ya kusimama kwa mashine imeshapotea, na takwimu zenu zote za kuharibika kwa mitambo zinakuwa za kukisia.

Namba ya mtambo ibandikwe kwenye mashine kama msimbo pau. Skana nyingi za mkononi hufanya kazi kama kibodi: ukiskani, namba inajiandika kwenye kisanduku kilichochaguliwa. Basi flava iweke kishale kwenye kisanduku hicho mara skrini inapofunguka.

Sasa mtandao. Personas haifanyi kazi bila muunganisho, kwa sababu kila skrini inatoka kwenye seva. Tembea kiwandani na simu mkononi, uandike mahali ambapo mtandao unakatika. Kama ni kona moja, ongezeni kifaa cha Wi-Fi. Kama ni nusu ya eneo la kazi, tafuteni programu iliyojengwa kufanya kazi nje ya mtandao na kutuma data baadaye. SAP wanayo, inaitwa Service and Asset Manager, ila hiyo ina leseni yake na mradi wake.

Habari za kazi. Ofisi yetu ya rasilimali watu, Dar es Salaam, imeficha taarifa za mshahara kwenye PA30 (skrini ya taarifa za wafanyakazi) kwa kutumia flava ili makarani wasizione. Mkaguzi wa ndani ametuandikia hoja. Je, amezidisha?

Hajazidisha hata kidogo, na naomba mlishughulikie wiki hii hii. Mmefunika mlango kwa pazia na kudhani mmeufunga kwa kufuli. Karani akirudi kwenye skrini ya asili, au akiingia kwa njia nyingine isiyo na flava yenu, mshahara uko palepale.

Mshahara wa msingi umo kwenye infotaipu (kundi la taarifa za mfanyakazi) namba 0008. Anayeruhusiwa kuusoma hupangwa kwenye majukumu ya mtumiaji, kupitia kitu cha idhini kinachoitwa P_ORGIN. Ondoeni 0008 kwenye jukumu la makarani, jaribuni kwa akaunti ya karani mmoja, ndipo mmjibu mkaguzi. Flava mnaweza kubaki nayo, kwa sababu skrini fupi inawasaidia kufanya kazi. Personas haiwezi kumpa mtu ruhusa asiyokuwa nayo, wala haiwezi kumnyang'anya ruhusa aliyonayo. Mishahara ya wenzetu ni siri waliyotukabidhi, ilindwe inavyostahili.

Mimi ni mtengenezaji programu, Nairobi. Nimeandika skripti inayopita skrini sita na kurudi na jibu. Makao makuu inakimbia, matawini inakwama. Nifanye nini?

Kila hatua inayobadilisha skrini ni safari ya kwenda kwenye seva na kurudi. Makao makuu, pengine seva iko jengo lilelile. Tawini safari hiyo inapita laini ndefu, na wewe umeipanga mara sita au zaidi kwa kila bonyezo.

Jiulize unachotafuta huko. Ikiwa ni kusoma tu, mfano salio la bidhaa au jina la mteja, acha kupita skrini. Ita moduli ya RFC, yaani kipande cha programu kwenye seva kinachoitwa kutoka mbali, inayoleta jibu kwa ombi moja. Msimamizi lazima aiweke moduli hiyo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa ndani ya /PERSONAS/ADMIN (skrini ya usimamizi wa Personas), na ni vizuri iwe hivyo, kwa hiyo usimshinikize aruhusu kila kitu kwa nyota moja. Ikiwa unaandika data, tafuta kwanza kama kuna skrini moja inayobeba kazi hiyo yote. Na usiweke skripti ya kujiendesha yenyewe kila skrini inapofunguka ila kama kila mtumiaji anaihitaji kila mara. Kisha ipime ukiwa tawini, kwa saa za kazi, siyo kwa laini ya ofisini kwako.

Dada mmoja wa Mwanza anauliza: tunaweza kuandika maelezo ya skrini kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyakazi wapya?

Ndiyo, dada. Majina ya visanduku na vitufe yanabadilishwa moja kwa moja ndani ya kihariri, na kuna pia uwezo wa kutengeneza ziara ya skrini: vidokezo vinavyojitokeza kimoja baada ya kingine kumwongoza mgeni aanzie wapi na amalizie wapi. Andikeni Kiswahili kinachosemwa ghalani kwenu, si cha kamusi.

Mjue mpaka wake. Ujumbe wa makosa unaotoka kwenye mfumo wenyewe utabaki katika lugha aliyoingia nayo mtumiaji. Kwa hiyo wekeni kwenye skrini maelezo mafupi ya makosa yanayojirudia, pamoja na namba yake. Msibadilishe misimbo, kama 101 au M2, kwa sababu hiyo ndiyo mtu ataisoma kwa simu akiomba msaada.

Mhasibu, Muscat: kampuni yetu inahama kutoka ECC, SAP ya zamani, kwenda S/4HANA, SAP mpya. Flava zetu zitahama nazo?

Baadhi zitahama, baadhi zitakufa, na kazi yenu ni kuzitenganisha mapema. Huduma ya kawaida ya ECC 6.0, kwa vifurushi vya maboresho vya 6 hadi 8, inaisha mwishoni mwa 2027. Ipo nyongeza ya kulipia hadi 2030.

Flava imefungwa kwenye skrini yake, kwa hiyo skrini ikiondolewa flava haina pa kusimama. Kwenye S/4HANA, kumfungua muuzaji au mteja kwa XK01, FK01 au XD01 kumehamia kwenye BP, skrini moja ya washirika wa biashara. MB1A, MB1B na MB1C, skrini za zamani za mienendo ya ghala, nazo zimeiachia nafasi MIGO. Flava za hizo zijengwe upya. FB60, ya kuingiza ankara za wauzaji, ipo bado, hivyo flava yake ina matumaini, lakini ijaribuni kisanduku kwa kisanduku, maana skripti hukitambua kila kimoja kwa anwani yake na anwani ikibadilika inaanguka. Angalieni pia popote mlipobana upana: namba ya bidhaa sasa inaweza kufika herufi 40, zamani ilikuwa 18.

Kabla ya yote hayo, waulizeni watumiaji ni flava zipi wanazozifungua kweli. Kampuni nyingi zina flava zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeshaondoka. Hizo msizihamishe. Na pale ambapo Fiori ina programu tayari inayofanya kazi ileile vizuri, tumieni hiyo, Personas ibaki kwa skrini ambazo Fiori haijazifikia. Zote mbili zinaweza kukaa kama vigae kwenye ukurasa mmoja, mtumiaji asijue tofauti.

Tuna GuiXT, kifaa kingine cha kubadili skrini za SAP, tangu zamani. Tuiache?

Si lazima. GuiXT, ya kampuni ya Synactive, inafanya kazi kwenye kompyuta ya mtumiaji ndani ya SAP GUI ya Windows, yaani programu ya kompyuta ya kufungulia SAP. Kama skripti zenu ni chache na watu wote wako kwenye Windows, ziacheni ziendelee. Siku mtakapohitaji simu au kivinjari, hamisheni skrini moja kwanza, ile yenye watumiaji wengi zaidi, muone kazi yake ilivyo kabla ya kugusa nyingine.