Shangazi Anajibu: Mtoto wa dada na kibanda cha chapati

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina kibanda cha chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Dada yangu alifariki mwaka jana, akaniachia kijana wa miaka 15. Ameacha shule Senior Two, yaani mwaka wa pili wa sekondari, kwa kukosa karo. Nataka anikandie unga na kukaanga kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, nimpe shilingi 5,000 kwa siku. Jirani anasema sheria inaruhusu kuanzia miaka 14. Ni kweli?
Mama Chapati, Busia

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Jirani hakukudanganya, ila amekomea njiani. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 12, na aliye chini ya 14 inamwachia kazi nyepesi tu, mtu mzima akimwangalia, na masomo yasiguswe. Hiyo 14 ndiyo wengi wameikariri. Lakini Sheria ya Watoto iliporekebishwa mwaka 2016, umri wa kuajiriwa uliwekwa miaka 16. Kijana wako ana 15. Usimwajiri.

Na hata angekuwa na 16, saa ulizompangia haziwezekani. Ile sheria ya 2006 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi, na mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza 18. Najua chapati zenyewe huanza kutoka giza likiingia, malori yamepanga foleni mpakani na madereva wana njaa. Saa yako ya faida ndiyo saa ambayo mtoto anatakiwa awe nyumbani.

Halafu kuna moto. Mimi nilikaanga mandazi kwa mama mmoja nikiwa na miaka 11. Usiku mmoja usingizi ulinizidi, nikaligonga karai, mafuta yakanimwagikia kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko. Muhula wote sikushika kalamu, na dawa alinunua bibi yangu kwa kuuza kuku wake. Ngozi ya hapo mpaka leo imekunjamana, na nikikaa karibu na jiko inawasha.

Usijifariji kwamba ni mwanao tu, si mfanyakazi. Ukishampangia saa na malipo ya kila siku, umemwajiri. Kukusaidia kukanda unga Jumamosi asubuhi kama watoto wengine wa nyumbani, hapo sioni ubaya.

Kwa kazi ya jioni tafuta mtu aliyetimiza 18, akuonyeshe kitambulisho cha taifa. Kuhusu karo, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, usimtume kijana. Mweleze habari ya msiba, uombe kulipa kidogo kidogo. Akikataa, ulizia shule ya serikali iliyo kwenye mpango wa sekondari kwa wote ulioanza 2007. Sare na chakula utagharamia, lakini mzigo utapungua. Afisa wa maendeleo ya jamii pia amwone, kwa kuwa ni yatima. Ukikwama, piga 116, simu ya bure ya masuala ya watoto.

Lakini anza na kijana mwenyewe. Muulize shule inamdai kiasi gani hasa, kisha uniandikie.