Barua kwa mwanangu: hizo ngome za Nizwa zinatuhusu nini

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana, na wajukuu zangu nibusie wote. Voisi yako nimeiskiza. Unauliza wikiendi hii muende wapi na wapi huko Nizwa, ule mji wa ngome wa Oman, manake watoto washachoka na mall za Muscat, halafu ukachomekea na lile neno la mumeo, kwamba sisi watu wa Mombasa ngome za Waarabu zinatuhusu nini, si ni kuta tu na jua kali. Ntaanza na hilo la mumeo, maana likikaa sawa safari yenyewe itajipanga.

Mumeo kazaliwa Mombasa, Fort Jesus kapita nje yake tangu yuko nasari. Muulize Mreno alitolewa na nani mle ndani. Atakwambia Waarabu. Waarabu gani? Hapo atanyamaza, namjua. Alomtoa ni jeshi la Imamu (ndo mtawala wa Oman) Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, na ile ngome ya Jabrin mnayotaka kwenda kupiga picha ni nyumba ya kakake.

Baba yao alikuwa Sultan bin Seif, huyo ndo alomtimua Mreno Muscat mwaka 1650, na ule mnara mnene wa mviringo wa Nizwa ni yeye alojenga, wanasema ulichukua miaka 12. Alipokufa uimamu ukashikwa na mwanawe Bilarab, mtu wa elimu, mpenda mashairi na wanavyuoni, akaijenga Jabrin na akaweka na madrasa humo humo ndani, dari akazichora maua na aya mpaka ukiziangalia shingo inauma. Lakini nduguye Seif hakutulia. Wakagombania ukubwa, nchi ikagawanyika, mwisho Seif akamzingira kakake ndani ya nyumba hiyo hiyo na Bilarab akafia humo mwaka 1692. Kaburi lake liko pale chini, mtaliona. Sasa hesabu. Mwaka 1696, yaani miaka minne tu baadaye, watu wa huyo huyo Seif wako Mombasa wameizunguka Fort Jesus, wakaizunguka karibu miaka mitatu, walioko ndani wanakufa kwa njaa na maradhi, mpaka Desemba 1698 ndo ikaanguka. Alozoea kuzingira nyumba ya ndugu atashindwa na ya Mreno?

Na usije ukawaambia watoto kuwa walikuja wenyewe tu. Wazee wetu wa pwani ndo walotuma ujumbe Oman kuomba wasaidiwe, wamechoka na kodi na dhulma za Mreno. Sasa jirani ukimuita aje akutolee mwizi, mwizi akishatoka yeye naye anauliza chumba cha wageni kiko wapi. Wakaletwa maliwali, wakaja ukoo wa Mazrui wakatawala Mombasa mpaka 1837, akaja Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, akawatoa nao. Nusu ya majina ya mtaa tulokulia yanatoka kwenye hadithi hiyo, halafu mtu aniambie haituhusu!

Kuna upande mwengine ambao mwongoza wageni wa ngomeni hatausema sana, nao usiuruke, angalau kwa huyo mkubwa wako, keshafika umri wa kuelewa. Huyo Seif alikuja kuwa tajiri wa kutisha, meli, mitende kwa maelfu, mifereji ya maji kaichimbisha na kuitengeneza, na watumwa wengi mno. Bara letu ndo lilokuwa likitoa watu hao, na biashara hiyo ikazidi kukua baada yake. Mtoto akiuliza nani alobeba mawe na udongo wote huu, mjibu. Babako alikuwa akisema twende tukaone uzuri tu, mengine watajifunza skuli, mimi sikukubaliana naye na mpaka leo sikubali, skuli gani iliwafunza nyinyi hayo?

Haya, safari. Nyinyi mna bahati, zama zetu wikiendi ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, 2013 ndo wakabadilisha ikawa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivo mnaweza kulala Nizwa mkaamka na siku nyengine nzima mbele yenu. Tokeni Muscat Ijumaa alfajiri baada ya sala, barabara ni nzuri, kama kilomita 160, muwahi soko la mbuzi. Hilo watoto hawatalisahau: wenye mbuzi wanazunguka nao kwenye duara wakipiga kelele za bei, wanunuzi wamewazunguka, anamshika mbuzi, anamfungua mdomo kuangalia meno, hajaridhika, anamwachia, na mbuzi wengine wanatoroka mbio wanaingia kwa watu. Jua likipanda limekwisha, ukifika saa nne utakuta vinyesi tu. Ngome ya Nizwa iko hapo hapo ubavuni mwa soko. Mida ya sala ya Ijumaa vitu vingi hufungwa, kuleni, laleni kidogo, jioni wapelekeni Falaj Daris wakatie miguu majini. Hiyo falaji ni mfereji wa maji toka chini ya ardhi, hauna pampu wala nini, maji yanakuja kwa mteremko tu, na watu wanagawana kwa zamu, zamani usiku wakizihesabu zamu kwa nyota. UNESCO wameiandikisha 2006 pamoja na nyengine nne.

Jumamosi asubuhi Jabrin, na mpeni muda. Watafutieni chumba cha tende, sakafu yake ina matuta, magunia yalikuwa yakipangwa juu kwa juu, uzito unakamua asali ya tende inatiririka kwenye vijifereji. Asali hiyo ikichemshwa ilikuwa inamwagiwa adui kupitia matundu ya juu ya mlango. Huyo mdogo wako ataomba arudie kuambiwa hadi Muscat. Na farasi wa imamu alikuwa na chumba chake ghorofani, hilo nalo.

Bahla iko njiani, ngome ya udongo kubwa, wameiweka UNESCO 1987, mwaka ulofuata ikaingia orodha ya zilizo hatarini kwa vile mvua ilikuwa inaiyeyusha, hadi 2004 ndo ikatolewa. Ndani hamna vitu vya kuonyesha watoto, ipigeni picha kwa mbali inatosha. Na habari za majini wa Bahla msizianze mkiwa garini usiku, tafadhali.

Usiwabebeshe watoto ngome tatu siku moja. Kama ni lazima mchague moja, chagueni Jabrin, na mumeo ndo awe wa kuwasimulia, mwambie asome hii kwanza. Mkija Mombasa Disemba tutaingia Fort Jesus wote, tiketi juu yangu, nyinyi nileteeni halwa ya zafarani, ile ya Nizwa, si ya pakiti za eapoti.

Mamako