Grafiki zako ku reinyo: tafuta kwanza swali lenye mtu wa kazi iko nalo

Ndugu, unasema kila juma unawaonyesha watu wa biro yako grafiki ku projekta, wanaitika kwa kichwa, halafu kazi inabaki vilevile. Mimi pia yalinipata, nikisimamia chanjo ku santri moja ya afya hapa Goma, acha nikuelezee chenye kilitusaidia.

Nilikuwa natengeneza slaidi nyingi, rangi kila upande, asilimia kila kona. Siku moja umeme ukakatika katikati ya reinyo, projekta ikazima, na muganga mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole: "Shefu, sasa ni watoto wangapi hawakurudi?" Nilikuwa nimeshaonyesha grafiki kumi na mbili na hakuna hata moja ilikuwa inamujibu yule mama. Ile swali iliniuma sana juu njo ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Kesho yake nikachukua karatasi kubwa na marka mbili, nikachora mistari mbili tu, inapanda mwezi kwa mwezi kwa kujumlisha: ya bluu ni watoto wenye walipata penta ya kwanza (penta ni chanjo moja ya kukinga magonjwa tano, inatolewa mara tatu), yenye inatolewa mtoto akiwa na wiki 6, ya nyekundu ni penta ya tatu, wiki 14. Nafasi katikati ya mistari njo watoto wenye hatujawamalizia. Pengo kidogo ni kawaida juu mtoto wa wiki 6 lazima angoje wiki 8 zaidi, lakini ukiwa na 200 kwa bluu na 150 kwa nyekundu umeshapoteza robo, na kikomo chetu ni 10 kwa mia. Nikaibandika pembeni ya frigo ya chanjo, si ku biro yangu, na marka nikawaachia waganga, kila mwisho wa mwezi wanatia nukta wao wenyewe kwa mkono wao. Naamini hii ya mkono ilifanya kazi kuliko mchoro wenyewe. Mwezi wa tatu yule mama akasema angalia hapa mistari inaachana, akafungua rejista, akaandika majina ya wenye hawakurudi na kuwapa wareko, wale wajitolea wa afya wa mitaani, wawafuate manyumbani, mimi sikuwa nimesema neno.

Angalia pia kile kialama ku chupa ya chanjo, chenye kinaonyesha kama joto limeiharibu: duara, ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara unatumia, ukifanana nalo ao ukizidi kuwa mweusi unatupa. Hakuna kusoma, na iko palepale mkono unaamulia. Mimi nikichora kitu chochote najiuliza kama kiko karibu hivyo na mkono wa mtu.

Kuhusu slaidi zenye maneno mengi: wareko wako na bwati ya picha, yaani kitabu cha picha kubwa cha kufundishia, upande wa picha unaangalia wamama, upande wa maandishi unamwangalia mwenye kusema. Wengi wetu ku reinyo tunaigeuza, tunawapa watu maandishi yetu wasome na sisi tunayasoma kwa sauti. Maandishi yako ubaki nayo ku daftari.

Na rangi, tafadhali chunga. Niliwahi kutuma tablo ya nyekundu na kijani ku santri zingine, kule wakaichapisha kwa mashini ya wino mweusi tu, vyote vikawa kijivu, wakashindwa kujua wapi kuna shida. Sasa naandika neno pembeni ya kila rangi, na mstari moja naufanya wa vipande vipande.

Kabla ya kubandika, onyesha mtu moja mwenye hakuwa ku reinyo, usimweleze kitu, muulize tu: ukiona hii utafanya nini? Akikosa jibu chora upya.

Wewe tuambie watu wako wanaamuaka nini kila Jumatatu asubuhi, stoku, madeni, zamu za kazi? Ukiniandikia hapo chini nitajaribu kukuchorea.