Sauti ya nne ilipotelea masikioni mwangu

Juzi kijana mmoja anayejifunza kurekodi kwaya aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina laki na nusu. Nataka hedifoni za kuchanganyia nyimbo, hizohizo nisikilizie kwenye basi la mwendokasi, na zisiniumize masikio. Ninunue zipi?"

Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa lilininyima kwaya niliyoipenda kuliko kazi zangu zote.

Ilikuwa mwaka 2021. Kwaya ya Tabata, waimbaji ishirini na wanane, nyimbo nane. Kurekodi tulirekodi vizuri, upande huo sina majuto. Kuchanganya, yaani kusawazisha sauti zote zikae pamoja kwenye wimbo, nilifanyia nyumbani usiku, watoto wamelala, nimevaa hedifoni za Bluetooth nilizozichukua Kariakoo kwa sababu moja tu: nilipozijaribu dukani, besi ilinitetemesha hadi kwenye taya. Kila nikicheza wimbo, nasikia besi imejaa mno. Nikapunguza. Kesho yake bado imejaa, nikapunguza tena. Besi niliyokuwa napigana nayo haikuwa ya waimbaji, ilikuwa ya hedifoni zenyewe.

Siku ya uzinduzi flashi ikachomekwa kwenye spika za kanisa. Soprano wakatoka wazi, alto wakasikika, tena na wapigaji wa gitaa. Chini hakuna kitu. Mwalimu wa kwaya, mzee mpole sana, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, sauti ya nne wamekwenda wapi?" Na sauti ya nne, waimba besi, walikuwa pale pale, kina baba saba, mstari wa nyuma, na suti walizozishona kwa ajili ya siku ile. Walikuwa wananitazama.

Nilirudia nyimbo zote nane bila kudai hata nauli. Albamu iliyofuata wakaipeleka studio nyingine. Siwalaumu, lakini inaniuma mpaka leo, na ndiyo maana nimeandika haya.

Baada ya pale niliazima hedifoni za jamaa zangu, wiki moja moja, nikawa nasikiliza wimbo uleule ulioniaibisha. Za kwanza zilikuwa Sony MDR-7506, ambazo zipo sokoni tangu 1991. Dakika ya kwanza nilidhani mbovu, besi haipo! Kumbe ndio ukweli wenyewe wa kazi yangu. Zile "s" za mwimbaji zinachoma sikio, pumzi ya mtu kabla ya kuingia unaisikia, na shimo nililolichimba mahali pa sauti ya nne likaonekana waziwazi. Hizo ndizo nilizonunua baadaye, na ndizo zilizo kichwani mwangu sasa hivi. Zina kero zake: waya wake wa kujikunja kama wa simu ya mezani ni mzito na hauchomoki, na ile ngozi ya bandia kwenye sponji, kwa joto hili la Dar, inabanduka vipande vyeusi vinavyoganda masikioni. Sponji nimeshabadilisha mara mbili.

Audio-Technica ATH-M50x zina besi iliyonyanyuliwa kidogo, ni tamu, na waya wake unachomoka, kwa hiyo kiti kikiukanyaga unanunua waya peke yake. Lakini zinabana. Mimi navaa miwani, na ikifika dakika ya arobaini mikono ya miwani inakuwa inanichimba juu ya sikio. Beyerdynamic DT 770 Pro zina sponji za kitambaa laini, unaweza kuzivaa tangu Magharibi hadi usiku wa manane ukasahau kama umevaa. Angalia tu ohm zake, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme: zipo za 80 na zipo za 250, na hizo za 250 ukizichomeka kwenye simu sauti inakuwa ndogo, hazisukumwi vya kutosha. Tena hazikunjiki.

Wenye miwani wenzangu, hili liwekeni akilini. Mkono wa miwani unaacha upenyo kati ya sponji na ngozi, na besi inavujia hapo. Bonyeza hedifoni kwa viganja polepole: besi ikiongezeka ghafla, ujue kuna mahali panavuja, na usiamini unachokisikia.

Tuje kwenye mwendokasi. Kimara hadi Kivukoni umesimama, injini inaunguruma chini yako, utapandisha sauti tu. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) isizidi saa 40 kwa wiki, na ukipandisha zaidi ya hapo, saa hizo zinapungua upesi sana. Hapo ndipo hedifoni za kuzima kelele zinapofaa. Maikrofoni zake zinanasa muungurumo wa nje, kisha hedifoni zinautengenezea wimbi la kinyume. Injini inapungua sana, sauti za watu wanaoongea zinabaki kiasi. Sony WH-1000XM4 za rafiki yangu zinakunjika zikaingia kwenye begi dogo. Toleo lililofuata, XM5, halikunjiki vile. Kwa safari nazisifu. Kwa kurekodi, hapana: Bluetooth inachelewesha sauti, mwimbaji anajisikia nyuma ya mdomo wake mwenyewe, anapoteza mapigo.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kununua besi. Msinunue kwa dakika mbili za dukani na wimbo wa muuzaji. Nenda na wimbo wako, ule unaojua kila pumzi yake, vaa nusu saa, vaa na miwani yako. Anayekataa usijaribu, mwache na mali yake. Masikio ndiyo mtaji wetu, na kuna watu saba mstari wa nyuma wanaokutegemea.

Kijana nimemjibu asitafute hedifoni za kufanya yote matatu. Kwa fedha yake achukue Audio-Technica ATH-M20x za waya kwa kazi, na kwenye basi aendelee na zile ndogo za simu yake, sauti nusu. Ameahidi kunitumia wimbo wake wa kwanza akimaliza kuuchanganya. Nitaanza na sauti ya nne.